"Nilikuwaka mwalimu": kazi zinazobaki upande wa pili wa mpaka

Wiki hii zamu ya historia imenifikia mimi. Ni ndefu kidogo, mnisamehe, ila naomba msome mpaka mwisho.

Juzi tulikuwa tunasaidia wazazi wetu kujaza fomu za mafunzo. Kwenye fomu kuna mstari umeandikwa "Kazi". Papa mmoja akaniambia, "Andika: nilikuwaka mwalimu." Nikamuuliza alifundisha miaka mingapi. "Kumi na tisa." Nikauliza tena, "Papa, walikufukuza?" Akacheka. "Hapana, mwanangu. Nilikimbia." Mama aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari amezalisha akina mama tangu mimi sijazaliwa. Nilipofika kwenye ule mstari akasema, "Weka hakuna."

Sisi wa Goma tunajua uzito wa hiyo "nilikuwaka". Mtu akiwa kwenye kazi yake anasema "niko mwalimu", "niko muganga". Akisema "nilikuwaka", ameisukuma kazi yake mbali kabisa, kama nyumba aliyoiacha na mlango wazi. Lakini huyu papa hajasahau hesabu. Na yule mama mikono yake ni ileile. Sasa ni kitu gani kimeisha?

Nilirudi nyumbani na swali hilo, nikaanza kutazama historia ya mpaka huu wetu. Mpaka huu umevukwa mara nyingi, kwa pande zote mbili. Na nilichokiona ni hiki: mtu yuleyule, na karatasi ileile, mwaka mmoja anapokelewa na mwaka mwingine anakataliwa. Yeye hajabadilika. Kilichobadilika ni shida ya wale wanaompokea.

Ngoja nieleze.

CONGO, 1960: NCHI ISIYO NA DAKTARI

Tarehe 30 Juni 1960 Congo ilipata uhuru. Wabelgiji walikuwa wametawala miaka zaidi ya 50 kama serikali, bila kuhesabu miaka ya Leopold. Ukiwaacha mapadri, Wakongomani waliokuwa na digrii ya chuo kikuu siku hiyo hawakufika 30. Daktari Mkongomani hakuwepo hata mmoja. Walikuwepo "wasaidizi wa madaktari", watu waliosoma miaka mingi na kuendesha hospitali za ndani, lakini kwa sheria ya mkoloni hawakuruhusiwa kuitwa daktari.

Wiki chache baada ya uhuru Wabelgiji wengi wakaondoka mbio. Hospitali zikabaki bila madaktari, shule za sekondari bila walimu. Basi milango iliyokuwa imefungwa ikafunguka. Shirika la Afya Duniani likasaidia kupeleka makumi ya wale wasaidizi Ufaransa, wakamalizie masomo kwa miaka michache tu, wakarudi madaktari kamili. Angalia vizuri: kabla ya 1960 walichokijua kilionekana hakitoshi. Baada ya 1960 kikahesabiwa kuwa nusu ya safari imeshatembewa. Vichwa vilikuwa vilevile.

Na wageni pia waliitwa. Huko Haiti, François Duvalier alikuwa ameshika madaraka tangu 1957, na watu waliosoma walikuwa wanaikimbia nchi. Umoja wa Mataifa ukawaajiri Wahaiti kwa mamia, walimu, madaktari, wataalamu wa kilimo, waje Congo. Walikuwa watu weusi wanaojua Kifaransa, na Congo ilikuwa inawahitaji jana, si kesho. Raoul Peck, yule mtengeneza filamu aliyetoa filamu kuhusu Lumumba mwaka 2000, alikuja Congo akiwa mtoto kwa sababu hiyohiyo: baba yake, mtaalamu wa kilimo, alipata kazi huko. Wahaiti hawa walikimbia udikteta kama sisi tulivyokimbia risasi. Lakini walifika kwenye nchi yenye pengo linalolingana na kazi yao, wakaendelea nayo.

Miaka hiyohiyo, kuanzia Novemba 1959, Wanyarwanda wengi, Watutsi waliokuwa wanafukuzwa na kuchomewa nyumba, walikuwa wanavuka kwenda Kivu, Burundi, Uganda na Tanganyika. Wengi walikuwa wafugaji na wakulima. Wachache waliokuwa wamepita seminari au shule za misheni walishika chaki. Shule zilihitaji mtu wa kusimama mbele ya watoto. Muulize mzee yeyote wa hapa Gisenyi aliyekulia upande wa Congo, atakutajia mwalimu wake mmoja aliyekuwa mkimbizi.

RWANDA, 1994: PENGO LA UPANDE HUU

Sasa geuza uso. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, walimu, manesi na madaktari waliuawa. Wengine wenye taaluma hizohizo walishiriki kuua. Hapa lazima tuseme ukweli: diploma haimfanyi mtu kuwa mwema. Tunaitetea kazi ya mtu bila kusahau hilo.

Katikati ya Julai 1994, ndani ya siku chache, karibu watu milioni moja walivuka hapa Gisenyi kuingia Goma. Kipindupindu kikaja, na watu kama 50,000 wakafa kwa magonjwa katika mwezi wa kwanza. Kwenye mahema ya matibabu, manesi waliokuwa wakimbizi walifanya kazi pamoja na waganga wa mashirika. Hakukuwa na nafasi ya kumwambia nesi "subiri tutazame cheti chako". Shida ilikuwa kubwa kuliko karatasi.

Huku Rwanda, wale waliokimbia tangu 1959 walianza kurudi, wao na watoto wao na wajukuu, kwa mamia ya maelfu. Kutoka Zaire walikuja na diploma za Kifaransa. Kutoka Uganda walikuja na vyeti vya Kiingereza. Tanzania na Burundi nazo zilikuwa na mitaala yao. Ungetegemea vita ya karatasi. Lakini nchi ilikuwa haina walimu wala waganga wa kutosha, kwa hiyo watu wa vyeti tofauti waliingia darasani na hospitalini. Mtu aliyekuwa mgeni jana upande wa pili, leo anafundisha Gisenyi kwa diploma ya Zaire.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Mwalimu aliyefundisha fizikia kwa Kifaransa miaka mingi, raia, aliye kwenye shule yake mwenyewe, ghafla akawa mwanafunzi tena, anasoma Kiingereza jioni. Huyo hakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio ulimvuka yeye. Kwa hiyo ukiona mwalimu Mkongomani leo anahangaika kwa sababu ya lugha, usifikiri ni yeye peke yake. Wenyeji wake wengi waliipita njia hiyo kabla yake, na wengi wao walifika. Hilo nalo linatupa moyo kidogo.

MUDENDE: CHUO KIKUU KILICHOKUWA KAMBI

Kuna mahali hapa kwetu ambapo historia hii yote imekutana. Ni Mudende, sekta ya wilaya yetu ya Rubavu, kule juu chini ya milima ya volkano.

Mwaka 1984 Waadventista walifungua hapo chuo kikuu cha Afrika ya Kati. Vijana kutoka nchi mbalimbali walikuja kusoma. Baada ya 1994 chuo kilihamia Kigali, na majengo ya Mudende hayakuwa na wanafunzi tena. Mwaka 1996 vita ilipoanza Kivu, Watutsi wa Congo, wengi kutoka Masisi, walivuka kuja huku, na eneo hilo la chuo likawa kambi yao.

Fikiria mwalimu wa Masisi anayelala kwenye uwanja wa chuo kikuu. Labda alikuwa na ndoto ya kusoma mahali kama pale. Amefika, lakini kama namba kwenye orodha ya chakula.

Mwaka 1997 kambi ya Mudende ilishambuliwa mara mbili na waasi wenye silaha, mwezi wa Agosti na tena Desemba. Mamia ya wakimbizi waliuawa. Waliobaki walipelekwa Gihembe, karibu na Byumba. Huko waliishi zaidi ya miaka 20, mpaka kambi ilipofungwa mwaka 2021 na watu kuhamishiwa Mahama, mashariki.

Kwa nini nawaleta Mudende kwenye habari ya kazi? Kwa sababu ya kilichofuata. Watu wa Gihembe na wa Kiziba, kambi iliyofunguliwa Karongi mwaka 1996, hawakuwa na mwajiri anayewagombania. Kwa soko la kazi la nje, walimu wao walikuwa "nilikuwaka". Lakini ndani ya kambi kulikuwa na watoto. Waliosoma wakawafundisha wasiosoma. Vijana waliomaliza sekondari wakarudi kufundisha wadogo zao, mara nyingi kwa posho ndogo au bila chochote. Na mwaka 2015 Kiziba ikapata hata programu ya digrii, ya Kepler, ndani ya kambi. Haikutoka hewani. Ilipata vijana walio tayari kwa sababu kuna watu waliokataa kuacha kufundisha.

Hapo kuna somo la pili, na si tamu sana. Jamii yako inaweza kukuhitaji hata kama serikali na makampuni hayakuhitaji. Hilo linalinda kazi yako ndani ya mikono yako. Lakini halilipi kodi ya nyumba. Mtu akifundisha miaka 20 kwa posho, tusimpigie makofi tu na kusema "wakimbizi wana moyo". Tuulize kwa nini hakulipwa kama mwalimu.

NA SI HUKU KWETU TU

Mtu atasema, haya ni mambo ya Afrika, nchi maskini, vita. Hapana. Ulaya na Marekani walifanya vilevile.

Mwaka 1938 Hitler alipoimeza Austria, madaktari Wayahudi walitafuta pa kukimbilia. Uingereza, kwa kuwasikiliza madaktari wake walioogopa kunyang'anywa wagonjwa, ilikubali madaktari 50 tu kutoka Austria, na hata hao walitakiwa kurudia sehemu ya masomo kwanza. Wanawake kama 20,000 waliokimbia utawala wa Hitler waliingia Uingereza kwa kibali cha kufanya kazi za nyumbani. Ndani yao walikuwemo waliosoma sana, wakawa wanaosha vyombo vya watu.

Halafu vita ikaja. Mabomu yakaanguka London, madaktari wa Kiingereza wakaenda jeshini, hospitali zikapungukiwa. Mwaka 1941 serikali ikawaruhusu madaktari wakimbizi kufanya kazi kwa muda. Mwaka 1947 sheria ikawapa nafasi ya kuandikishwa moja kwa moja. Miaka mitatu tu kutoka 1938 hadi 1941, na vyeti vya Vienna vikapata thamani tena. Je, chuo cha Vienna kilikuwa kimebadilika? Hapana. London ndiyo ilikuwa inaungua.

Karibu zaidi na sisi: Aprili 2020, korona ilipoielemea Marekani, jimbo la New Jersey likaanza kutoa leseni za muda kwa madaktari waliopata leseni nchi za nje. Watu waliokuwa wanaendesha teksi na kubeba mizigo madukani wakaambiwa njooni.

KARATASI INA SABABU YAKE PIA

Sasa tusiwe wa kulalamika tu. Kuna upande mwingine, na ni wa kweli.

Mama yako akiwa mgonjwa, utataka kujua kama anayemchoma sindano alisoma kweli. Diploma za kughushi zipo, tunajua sote, na kule kwetu zinanunuliwa. Ofisi inayokagua vyeti haikosei kwa kukagua. Kosa linakuja pale ukaguzi unapokuwa hauna mwisho: unaambiwa lete cheti cha asili kutoka shule iliyochomwa, au barua ya mkuu wa shule ambaye naye yuko kambi nyingine. Hapo si ukaguzi tena, ni mlango uliochorwa ukutani.

Watu wa sheria waliliona hili zamani. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 1980, unazungumzia jambo hili wazi. Kifungu cha 17 na cha 18 vinahusu kazi ya mshahara na biashara yako mwenyewe. Cha 19 kinahusu taaluma kama udaktari na uwakili. Cha 22 kinagusa kutambuliwa kwa vyeti vya nje. Na cha 25, ambacho wengi hatukijui, kinasema kwamba kama unahitaji karatasi ambayo kawaida ungeipata kwa serikali ya nchi yako, nchi iliyokupokea isaidie uipate au upate karatasi ya kuishika nafasi yake.

Tusome vizuri lakini, tusidanganyane. Mkataba hausemi "lazima wakukubali". Unasema usitendewe vibaya kuliko wageni wengine walio katika hali kama yako. Mkimbizi nesi asiwekwe chini ya nesi mgeni aliyekuja kwa ndege na viza. Ni kidogo, lakini ni pa kusimamia.

TUFANYE NINI BASI

Kwa wazazi wetu na sisi wenyewe:

Kwanza, linda ulichonacho. Piga picha diploma, karatasi za maksi, barua ya kazi, hata kadi ya zamani ya shule. Jitumie mwenyewe kwenye barua pepe, maana simu inaibiwa na karatasi inaloa. Kama vimepotea vyote, andika: jina la shule, mji, mwaka ulioingia na uliotoka, jina la mkuu wa shule, wenzako mliosoma nao. Andika sasa ukiwa unakumbuka. Siku mlango ukifunguka, na historia inaonyesha unafunguka bila kupiga hodi, anayepita ni yule aliye na faili mkononi.

Pili, ulinganisho wa vyeti, ile tunaita ekivalansi, uombwe mapema, hata kama leo huna kazi ya kuomba. Kwa masomo ya chuo Rwanda ina Baraza la Elimu ya Juu, HEC. Waganga wana baraza lao pia. Nenda na mtu anayejua Kinyarwanda au Kiingereza kama wewe hujui bado.

Tatu, Kiingereza. Najua tumechoka kusikia. Lakini tumeona mwaka 2008 ulivyowafanya hata walimu wenyeji wakae dawatini.

Nne, usiache mikono ilale. Fundisha watoto watatu wa jirani. Eleza akina mama wajawazito dalili za hatari. Hata ukishinda Petite Barrière unauza nyanya, jioni bado una saa moja. Na kuuza nyanya si aibu, ndiko chakula kinakotoka. Aibu ni kumwambia mtu kwamba nyanya ndiyo kazi yake yote.

Kwa ninyi wa mashirika, tunaomba kwa heshima: mkiandika kazi ya mtu, msitosheke na neno moja. Ulizeni alifanya nini, wapi, miaka mingapi, kwa lugha gani. Wengi wetu tumepewa mafunzo ya sabuni na cherehani, na tunashukuru, kuna waliojenga maisha kwa hayo. Lakini mkunga wa miaka 20 akipewa cherehani, tumempoteza mkunga na hatujapata fundi. Na yule mnayemwita "mhamasishaji wa jamii", ambaye kwa kweli anafanya kazi ya nesi, mpeni angalau barua inayosema alifanya nini hasa. Barua hiyo ni gharama ya karatasi moja, ila kwake ni miaka ambayo haitahesabiwa sifuri.

KUMALIZIA

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, tuliona tena watu wakivuka hapa na magodoro na watoto mgongoni. Ndani ya umati ule kulikuwa na walimu na waganga, kama mwaka 1959, kama 1994, kama 1996. Wengi walirudi, wengine bado wako hapa. Hakuna anayejua ni lini nchi moja au nyingine itaamka na kusema "tunahitaji walimu".

Ila jambo moja historia imenifundisha. Wanapokukataa, hawajakupima wewe. Wamepima shida yao ya leo, na leo hawaoni kwamba wewe ni dawa yake. Kesho wanaweza kuona. Usikubali kipimo chao kiingie mpaka kwenye ulimi wako.

Ile fomu ya papa sikuandika "nilikuwaka". Nilimuomba ruhusa, nikaandika: "Mwalimu wa hesabu, sekondari, miaka 19." Akaisoma, akanyamaza, halafu akanirudishia kalamu. "Ongeza na fizikia," akasema. "Niko nafundisha fizikia pia."

Na yule mama? Tulifuta "hakuna". Tukaandika "Mkunga".

Tuambieni hapo chini: nyumbani kwenu nani alikuwaka, na bado yuko? Msitaje majina, semeni kazi tu.